Vumbi la Vigae ni Adui wa Mapafu

Familia nyingi huweka vigae zikiwa tayari zimehamia nyumbani. Fundi hukata uani, watoto wakicheza karibu. Je, lile vumbi jeupe lina madhara?

Ndiyo, linayo. Vigae vina madini yaitwayo silika. Kigae kikikatwa kikavu, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho huelea hewani na kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu, ambako huacha makovu. Anayelivuta vumbi hilo kwa miaka mingi aweza kupata silikosisi: hukohoa, hukosa pumzi na kudhoofika. Ugonjwa huu hauponi, tena hufungua mlango kwa kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba vumbi la silika huleta saratani ya mapafu.

Kinga iliyo bora ni kutumia mashine yenye beseni la maji. Maji hulinasa vumbi kabla halijaruka. Lakini tope linalobaki likikauka huwa vumbi tena. Kwa hiyo zingatieni haya:

1. Kazi ifanyike nje, juu ya turubai, watoto wakiwa mbali.

2. Maji na umeme havipatani. Waya uliochubuka usitumike. Waya uning'inie chini ya soketi, ili matone yadondoke kabla ya kuifikia.

3. Fundi avae miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi. Leso haitoshi.

4. Maji ya beseni yakiwa mazito, yabadilishwe.

5. Tope lisimwagwe chooni wala kwenye sinki, maana huziba bomba. Liacheni katika ndoo hadi kesho yake litulie. Mwageni maji ya juu, kisha tope litiwe mfukoni lingali bichi na kutupwa.

6. Msifagie pakavu. Futeni kwa kitambaa kibichi.

7. Nguo za kazi zilowekwe, zisikung'utwe ndani ya nyumba.

Ninyi mtavuta vumbi siku chache. Fundi na kijana wake hulivuta kila siku. Mnapopatana bei, ulizeni kama anatumia mashine ya maji, wala msimnyime ndoo chache za maji. Naye fundi akikohoa zaidi ya majuma mawili, aende hospitali akapimwe, na amweleze daktari kazi anayoifanya.