Ukavu unapanda mlima: kalenda moja na mbegu moja havitoshi tena katika bonde la Ruzizi

Katika bonde la Ruzizi, toka Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka karibu na Uvira, wakulima wengi hawana mfereji wa maji. Wanangoja mvua. Na mvua yao ni kidogo kuliko ya sehemu nyingine za Kivu ya Kusini: kawaida ni milimita 800 mpaka 1000 hivi kwa mwaka mzima, wakati milima iliyo upande wa magharibi inapata nyingi zaidi. Kwa hiyo hapa kukosea wiki mbili tu kunaweza kumaliza mbegu ya nyumba nzima, na deni la koperative linabaki pale pale.

Makala hii inaeleza kwa nini kalenda ya wazee haitoshi tena, na nini wanamemba wanaweza kupanga pamoja mbele ya msimu A.

Hali ya hewa iko na ngazi zake

Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari. Ukipanda mpaka Kamanyola unakaribia metre 1000. Ukiendelea milimani unafika kwenye vilima vya katikati, halafu kwenye milima ya juu inayopita metre 2000. Kila metre 100 unazopanda, joto linashuka kwa digrii 0,6 hivi. Ndiyo sababu kila zao liko na ngazi yake: chini muhogo, karanga, mahindi na mtama, katikati maharagi, ndizi na kahawa, juu kabisa viazi, vile tunaita birayi.

Wazee wetu walijua ngazi hizo vizuri bila kusoma. Na ramani za hali ya hewa tulizosomea shuleni, kama zile za atlasi ya bonde la Congo iliyotungwa na Franz Bultot katika miaka ya 1970, zilitegemea sana vipimo vya wakati wa mbele ya uhuru.

Lakini ngazi zenyewe zinahama. Wataalamu wa kundi la GIEC walitangaza mwaka 2021 kwamba dunia imepata joto zaidi kwa digrii 1,1 hivi, ukilinganisha na miaka ya 1850 mpaka 1900. Tuchukue digrii moja tu kwa hesabu. Kama digrii 0,6 ni metre 100, digrii moja ni karibu metre 170. Maana yake shamba lililo kwenye metre 1200 linapata leo joto ambalo zamani lilikuwa la shamba la metre 1030. Shamba halikuhama. Ila ngazi yake imehama.

Maharagi yanaonyesha jambo hili mapema. Usiku ukipita digrii 20, maua mengi yanaanguka bila kufunga maganda. Mama analima vizuri, majani yanakuwa mazuri, lakini anavuna kidogo. Pengine anafikiri ni mbegu mbaya au udongo umechoka. Inaweza kuwa hivyo, lakini inaweza pia kuwa ni joto la usiku.

Mvua ya jumla inadanganya

Joto likiongezeka, udongo unakauka haraka na mmea unakunywa zaidi. Hata mvua ya mwaka ikibaki ile ile kwa jumla, haitoshi kama zamani. Tena haishuki kwa mpango. Tunakumbuka mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020. Maji yanayoshuka kwa nguvu saa chache yanakwenda mtoni pamoja na udongo wetu. Mahindi hayanywi maji hayo.

Hatari kubwa ni mvua ya kudanganya. Inanyesha siku moja mwanzo wa msimu, kila mtu anakimbia shambani juu wazee walisema "mvua ya kwanza usiiache". Mbegu inaota, halafu jua linapiga wiki mbili. Miche inakufa. Mkulima anatafuta mbegu mara ya pili, kwa bei ya juu, na siku za mvua zimeshapungua.

Msimu B nao tuupigie hesabu. Mvua ya bonde inakatika mara nyingi ndani ya Mei. Ukipanda tarehe 10 Machi mahindi ya siku 120, yatatoa maua kati ya tarehe 9 na 14 Mei. Huo ndio wakati mahindi yanahitaji maji kuliko wakati wote, na ndio wakati mvua inaaga. Mahindi ya siku 90 yaliyopandwa siku ile ile yatatoa maua mwisho wa Aprili. Kunde ya siku 70 itakuwa imekomaa tarehe 19 Mei. Shamba ni moja, tarehe ni moja, lakini mavuno yatakuwa tofauti kabisa.

Tufanye nini?

*Kwanza, tupime mvua wenyewe.* Mukebe wa maziwa ya unga wenye pande zilizonyooka unatosha. Uufunge juu ya mti wa metre moja na nusu, mbali na nyumba na miti. Kila asubuhi, saa moja, ingiza rula ya mwanafunzi, andika milimita ndani ya daftari, kisha mwaga maji. Milimita moja ni litre moja kwa kila metre mraba, yaani litre 10.000 kwa hektari. Mahindi yanahitaji milimita 500 mpaka 800 kwa msimu; mtama unaweza kutosheka na 450 mpaka 650.

*Pili, tupande kwa udongo, hapana kwa tarehe.* Ngoja mpaka mukebe uonyeshe angalau milimita 20 ndani ya siku mbili. Halafu chimba kwa jembe: kama udongo umelowa mpaka sentimetre 20 chini, panda. Kama umelowa juu juu tu, subiri. Njia hii haiondoi hatari yote, lakini inapunguza sana kupanda mara mbili.

*Tatu, tuzuie maji yasikimbie.* Katika Burkina Faso, ukame mkubwa wa miaka ya 1970 na 1980 ulisukuma mipaka ya mvua kuelekea kusini. Huko mkulima Yacouba Sawadogo alijulikana duniani kwa kuboresha mashimo ya zai: mashimo madogo yanayochimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa mbolea, ili yakusanye mvua ya kwanza. Tusiige bila kufikiri. Mvua yetu ni nyingi kuliko ya kule, na shimo linaweza kujaa maji na kuozesha mbegu. Kwetu yanafaa zaidi matuta yanayokata mteremko, na kati ya tuta na tuta vizuizi vidogo vya udongo kila metre mbili, vifupi kuliko tuta lenyewe. Mvua ikizidi, fungua vizuizi. Na mabua ya mahindi tusiyachome: yatandikwe juu ya udongo. Najua ng'ombe na mbuzi wanayataka pia. Basi wenye mifugo na wenye mashamba wapatane kabla ya mavuno ni sehemu gani inabaki shambani.

*Nne, koperative isiagize mbegu ya aina moja.* Hili ndilo kubwa. Tunapenda kununua pamoja mahindi ya aina moja kwa sababu bei inashuka. Lakini mvua ikiharibika, wote tunaanguka siku moja na hakuna wa kumsaidia mwenzake, wala wa kulipa mkopo. Ni afadhali oda iwe na mahindi ya siku 90, mtama, kunde na karanga za muda mfupi. Muhogo ubaki kama akiba, maana unavumilia ukavu na unatupa sombe, lakini vipandikizi vitoke kwenye miti isiyo na ugonjwa wa majani ya madoa na kujikunja. Na siku ya kulipa mkopo ihesabiwe toka siku ya kupanda, isiandikwe mwezi mmoja kwa wote.

Mbele ya mkutano wa Julai

Kila koperative ichague wanamemba watatu wa kupima mvua: mmoja wa chini karibu na mto, mmoja wa katikati, mmoja wa juu kwenye vilima. Daftari zao tutazilinganisha kila mwisho wa msimu. Oda ya mbegu isitiwe sahihi mpaka kila kikundi kiseme shamba lake liko ngazi gani na mwaka jana mvua ilikatika lini. Wamama waulizwe kwanza, maana mara nyingi ndio wanaopanda, na ndio wanaojua maharagi yaliacha kufunga maganda tangu mwaka gani.