Programu nayo ni maandishi, isahihishwe kama insha

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa wanafunzi, na hata baadhi ya walimu, kwamba programu ya kompyuta ikishafanya kazi basi imekamilika. Mwanafunzi huandika, kompyuta hutii, mwalimu hutia alama ya pata. Namna ilivyoandikwa haimshughulishi mtu. Nikiwa mwanaisimu, naiona dhana hii kuwa potovu, na lugha ya JavaScript, inayozipa kurasa za intaneti uhai, inatosha kuwa ushahidi.

Lugha hii ilibuniwa na Brendan Eich mnamo Mei 1995, katika kampuni ya Netscape, kwa muda wa siku 10 hivi. Haraka hiyo haikukosa athari. JavaScript ina huruma iliyopita kiasi: mwandishi akiteleza, aghalabu haimkemei, bali hukisia alichokusudia. Ukilinganisha vitu kwa alama mbili za usawa, itakuambia kwamba nambari 0 ni sawa na neno tupu lisilo na herufi yoyote. Itakuambia pia kwamba 0 hiyo ni sawa na 0 iliyoandikwa kama herufi. Lakini uliza kama neno tupu ni sawa na herufi hiyo, nayo itakana! Ndiposa waandishi makini hutumia alama tatu, ambazo hulinganisha thamani pamoja na aina yake bila kukisia lolote.

Nukta-mkato nayo ina mambo yake. Ukiisahau mwishoni mwa amri, mara nyingi lugha hukuwekea. Hata hivyo, ukiandika neno return, linaloamuru jibu lirejeshwe, kisha ukateremka mstari kabla ya kulitaja jibu lenyewe, nukta-mkato hutiwa papo hapo baada ya neno hilo. Jibu hupotea, wala hakuna kosa linalotangazwa. Ni nani basi atakayeligundua, ikiwa maandishi yenyewe hayasomeki?

Yapo pia majina. Mwanafunzi anayekiita kigeu chake x, na kinachofuata x2, anamficha msomaji maana. Jina kama jumlaYaKaro hujieleza lenyewe. Vivyo hivyo, neno const, lililoingizwa katika lugha mwaka 2015, humhakikishia msomaji kwamba jina hilo halitapewa thamani nyingine huko mbele.

Huenda msomaji akauliza: mbona wengine husogeza mistari kwa nafasi 2 na wengine 4? Nani amesibu? Swali hili si geni kwetu. Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, si kwamba Kimvita kilikuwa duni. Vitabu vya shule vilihitaji tahajia moja. Kadhalika, thamani ya kanuni nyingi za mtindo imo katika kukubaliana. Kikundi kichague nafasi 2 au 4, mradi wote wafuate.

Zipo zana za kukagua mambo haya, mathalan ESLint iliyoanzishwa mwaka 2013. Zitaona alama mbili palipotakikana tatu. Lakini hazitajua kama jina jumlaYaKaro limebandikwa kwenye idadi ya wanafunzi. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu watenge sehemu ya alama kwa usomekaji, kama tunavyotenga alama za hati na mtiririko katika insha. Aidha, mwanafunzi apewe programu ya mwenzake aieleze, mwenyewe akiwa kimya. Akishindwa, mwandishi airudie kazi yake. Kompyuta itasoma chochote kilichofuata sarufi yake. Atakayeumia ni binadamu atakayetumwa kesho kuirekebisha programu hiyo, na huenda akawa ni mwandishi mwenyewe, ameshasahau alichokusudia.