Peremende ya Mozart Ina Mwenyewe

Mwanamuziki Mozart hakuwahi kuionja peremende inayobeba jina lake. Alifariki 1791, na Paul Fürst, fundi wa vitamutamu mjini Salzburg, Austria, akaibuni 1890. Huitwa Mozartkugel, yaani tufe la Mozart.

Hadi leo duka la Fürst huitengeneza kwa mkono. Lozi zilizosagwa huchanganywa na sukari na pistachio, zikafinyangwa vidonge vya kijani. Kidonge huvikwa nugati, kikachomekwa kijiti na kuchovywa katika chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa. Chokoleti ikishaganda, kijiti huchomolewa na tundu likazibwa kwa chokoleti. Kazi ya subira hiyo!

Lakini Fürst hakusajili uvumbuzi wake. Mafundi wenzake wakaiga, kisha viwanda vikaingia na mashine. Ugomvi ukafika mahakamani, na mwaka 1996 ikaamuliwa kwamba ni za Fürst pekee zitakazouzwa kwa jina "Original Salzburger Mozartkugeln". Wengine waliruhusiwa kuendelea, mradi wajiite vingine.

Kwa hiyo ukiletewa zawadi kutoka Austria, itazame karatasi kwanza. Ya fedha na buluu ndiyo ya Fürst. Nyekundu na dhahabu ni ya kiwandani.