Antivirusi na Kikasha cha Barua Pepe: Kwa Nini Kompyuta za Ofisini Hukwama

Kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, wenye mashine hizo hushauriwa, pamoja na mengine, wahakikishe kwamba antivirusi zao zinafanya kazi wakati wote. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo, katika ofisi za mawakala wa forodha kule Changamwe, Mombasa, ambako bili ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi hufika kwa barua pepe na kontena halitoki bandarini bila karatasi zake, antivirusi isiyolala huzua lalamiko la siku nyingi: kila ujumbe mpya unapoingia, programu ya barua pepe hukwama, duara la kusubiri huzunguka katikati ya skrini na herufi zinazochapwa huchelewa kuonekana. Lawama hutupiwa intaneti, au hudhaniwa kwamba mashine imeingiwa na kirusi, ilhali mara nyingi tatizo liko kwenye faili moja ndani ya diski.

Faili hiyo ina historia yake. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, na ule wa TEAMS unaounganisha Mombasa na Fujairah kuufuata mwaka huohuo, mawasiliano ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Busara ya wakati ule ilikuwa kutumia POP, yaani utaratibu unaopakua barua kutoka kwenye seva na kuziweka ndani ya kompyuta, zisomwe na kujibiwa bila kuunganishwa. Mikongo ilikuja, lakini utaratibu ulibaki, na kwa wakala anayeweza kudaiwa nyaraka za mzigo ulioondoka miaka kadhaa iliyopita, kuwa na barua zake zote mkononi ni jambo la maana.

Programu kama Thunderbird, isipobadilishiwa mipangilio, huhifadhi kila folda kama faili moja katika muundo uitwao mbox, uliorithiwa kutoka mifumo ya Unix ya miaka ya 1970. Barua hupangwa humo moja baada ya nyingine, na kinachozitenganisha ni mstari unaoanza kwa neno “From” na nafasi baada yake. Ndiyo sababu barua ambayo mwandishi wake ameanza mstari kwa neno hilohilo huongezewa alama ya > mbele yake, isije ikadhaniwa kwamba barua nyingine imeanzia hapo. Ujumbe mpya hubandikwa mwishoni. Ujumbe uliofutwa hauondoki: huwekewa alama tu kwamba umefutwa, ukaendelea kukaa humo mpaka folda ibanwe, yaani iandikwe upya bila vilivyofutwa. Kikasha ambacho machoni pa mtumiaji kina barua mia mbili kinaweza, kwa hiyo, kuwa faili ya gigabaiti 2.

Antivirusi, kwa upande wake, haijui barua, inajua faili. Hukaa kati ya programu na diski, na faili inapofunguliwa au kuandikwa, huisimamisha, huisoma, kisha huiruhusu. Inachotafuta ni alama bainishi, yaani mfuatano wa baiti unaojulikana kuwamo katika kirusi fulani, na alama hizo zinaweza kufika mamilioni. Hapa ndipo penye mojawapo ya uvumbuzi wa kupendeza zaidi katika sayansi ya kompyuta. Mtu angetarajia kwamba alama milioni moja zingelazimisha faili isomwe mara milioni moja, lakini mwaka 1975 Alfred Aho na Margaret Corasick, wa maabara za Bell, walionyesha kwamba kusoma mara moja kunatosha. Alama zote huunganishwa kuwa mti mmoja, zile zinazoanza kwa baiti zilezile zikishiriki shina, na kila baiti inaposomwa programu hupiga hatua moja ndani ya mti huo. Njia ikikatika, hairudi nyuma kwenye faili, bali hurukia tawi jingine ambalo mwanzo wake unalingana na mwisho wa kile kilichokwisha kusomwa. Ikiwa yanatafutwa maneno “bandari” na “darini”, na maandishi ni “bandarini”, programu hufika herufi ya saba ikiwa imelipata neno la kwanza. Tawi la “bandari” limekwisha, ila herufi nne za mwisho, “dari”, ni mwanzo wa “darini”, kwa hiyo huhamia huko, ikasoma “n” na “i” tu, na neno la pili likapatikana. ClamAV, antivirusi huria inayotumika sana kwenye seva za barua, hutumia njia hiyo. Wingi wa virusi duniani, basi, si chanzo kikuu cha kukwama kule.

Chanzo ni kusoma upya, na treni ya mizigo katika yadi ya Port Reitz inaweza kulieleza jambo hilo. Mkaguzi ameagizwa kukagua treni, hakuagizwa kukagua mabehewa. Behewa moja linapounganishwa mkiani, treni imebadilika, na cheti alichoitolea asubuhi kimebatilika. Huanza tena behewa la kwanza, akafungua kila mlango, na wakati huo wote hakuna behewa jingine linaloruhusiwa kuunganishwa. Shehena nayo imefungashwa. Viambatisho husafirishwa kwa usimbaji wa Base64, ambao hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, hata nyaraka iliyoskaniwa yenye kilobaiti 900 ikafika megabaiti 1.2, na mkaguzi hana budi kuufungua mzigo huo kabla ya kuutazama. Akikuta faili ya ZIP ndani, huifungua nayo. Mabehewa yaliyofutwa huyakagua pia, kwa kuwa bado yamo. Akigundua magendo katika behewa moja, anaweza kuizuia treni nzima, na hivyo ndivyo Kikasha kizima kinavyoweza kupelekwa karantini, karani akafungua folda asikute hata barua moja.

Diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde huhitaji sekunde 20 kuipitia gigabaiti 2, na yote hayo kwa ajili ya ujumbe wa kilobaiti 40, ambao ni sehemu moja kati ya 50,000 ya faili.

Thunderbird ina mpangilio unaoruhusu kila ujumbe unaoingia uwekwe kwanza katika faili yake ya muda, ukaguliwe peke yake, ndipo ubandikwe kwenye Kikasha. Mpangilio huo ukiwashwa, folda ya barua inaweza kuondolewa katika ukaguzi wa papo kwa papo, na kiambatisho bado kitakaguliwa kinapofunguliwa au kuhifadhiwa, kwa kuwa hapo kimekuwa faili inayojitegemea. Ofisi ya Changamwe, Likoni au Kisauni inayofikiria kununua kompyuta mpya kwa sababu ya barua pepe inafaa kwanza iweke nakala ya akiba nje ya mashine, ihamishie barua za kila mwaka katika folda yake, kisha ikibane Kikasha.