Mcheza kwao hutunzwa. Na msoma kwao je?

JUNI 2023, Faith Kipyegon alivunja rekodi mbili za dunia katika muda wa wiki moja: mita 1,500 kule Florence, kisha mita 5,000 jijini Paris. Aliporudi nyumbani, Rais William Ruto alimtuza Sh5 milioni pamoja na nyumba ya thamani ya Sh6 milioni. Mtaani hakuna aliyenuna. Dada alistahili kila senti.

Agosti 2025, michuano ya CHAN ilipochezwa hapa kwetu, wachezaji wa Harambee Stars waliahidiwa Sh1 milioni kila mmoja kwa kila mechi ya makundi watakayoshinda. Wakawalaza DR Congo, Morocco na Zambia. Hapo pia tulishangilia, wengine mpaka sauti zikapotea.

Sasa njoo upande wa pili. Fikiria msee wa miaka 27, amekodi bedsita pale Kahawa Wendani. Digrii ya kwanza alimaliza na alama safi, sasa yuko mwaka wa pili wa uzamili, anatafiti magonjwa ya mahindi. Mchana yuko maabara, jioni anafunza watoto wa watu tuisheni, usiku anaandika tasnifu. Karo hajamaliza, na asipomaliza hatafuzu. Mamake akipiga simu swali ni lile lile: "Kwani hiyo shule haiishi?"

Isimulie hadithi hii kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa uzamili. Kila mtu atadhani unamsema yeye.

Ukimaliza Kidato cha Nne na kufuzu, serikali inakujua. KUCCPS inakutafutia kozi na HELB inakupa mkopo. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 umezua kelele nyingi, hadi mahakamani, lakini angalau unakutambua kama mtu wa kusaidiwa. Shida ni kwamba mfumo huo ni wa digrii ya kwanza na vyuo vya kiufundi. Siku unayovaa joho na kupigwa picha na shangazi zako, mlango huo unafungwa nyuma yako. Ukitaka uzamili, nafasi unajitafutia na karo unajilipia.

Karo yenyewe ni mwanzo tu. Kuna kemikali za maabara, nauli ya kwenda mashinani kukusanya data, na malipo ya wasaidizi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) pia inamtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala katika majarida ya kitaaluma kabla ya kufuzu, na majarida mengine yanadai ada, tena kwa dola. Msee aliyesota atatoa wapi dola?

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti (NRF), na ikasema kila mwaka Wizara ya Fedha itaitengea asilimia mbili ya pato la taifa. Asilimia mbili! Hizo ni pesa za kulipia utafiti wa mahindi, wa malaria, wa ukame, na chenji ibaki. Tangu sheria hiyo ipite, kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Ahadi imekaa kwenye karatasi kama nguo ya Krismasi iliyonunuliwa na kufungiwa sandukuni.

Kabla hujasema wanamichezo wanakula vizuri huku wasomi wakilala njaa, hebu tulia kidogo. Zile milioni tunazoziona kwenye runinga hulipwa mtu akishavuka utepe. Swali ni nani aliyemlisha alipokuwa akijifua.

Muulize Julius Yego. Alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, kwa sababu hapa nyumbani hakukuwa na kocha wa kumfunza. Mafunzo aliyoyapata baadaye Finland yalifadhiliwa na shirikisho la riadha la dunia. Mwaka wa 2015 akawa bingwa wa dunia jijini Beijing kwa mtupo wa mita 92.72. Mwaka uliofuata, akielekea Olimpiki ya Rio, iliripotiwa kwamba alifika uwanja wa ndege akapata hana tiketi. Bingwa wa dunia! Wakenya walipiga kelele mitandaoni, akasafiri, akarudi na nishani ya fedha. Sakata ya Rio iliishia kortini, na mwaka wa 2021 aliyekuwa waziri wa michezo wakati huo alipatikana na hatia ya kutumia ofisi vibaya.

Kwa hivyo mwanariadha chipukizi anayeamka saa kumi na moja asubuhi pale Iten, hajulikani na mtu, yuko karibu sana na yule mtafiti wa Wendani. Wote wawili wanajifua gizani, na serikali itawajua wakishinda.

Lakini kuna jambo moja ambalo Kenya imelifanya vizuri katika michezo, na halizungumziwi sana kwa sababu halina picha za hundi kubwa. Ni ajira katika vikosi. Kipyegon ni afisa wa polisi. Beatrice Chebet pia, Ferdinand Omanyala pia, na Yego mwenyewe pia. Wengine wako jeshini, wengine magereza. Mwanariadha anaajiriwa, anapokea mshahara kila mwezi, na anapewa nafasi ya kufanya mazoezi. Akiumia msimu mzima, bado kodi ya nyumba inalipika. Mshahara huo wa kila mwezi umeleta nishani nyingi kuliko ahadi zote za uwanja wa ndege.

Hilo ndilo linalokosekana kwa wasomi. Mwanafunzi wa uzamifu hahitaji nyumba ya Sh6 milioni. Anahitaji kazi ndogo ya kufundisha au kusaidia maabara katika chuo anachosomea, yenye mshahara wa kueleweka, ili amalize kwa miaka minne badala ya minane. Nafasi za aina hiyo zipo katika vyuo vyetu, ila ni za kuhesabu kwa vidole. Kuziongeza kungesaidia pia wale wa digrii ya kwanza, ambao leo wanajazana mamia kwa mhadhiri mmoja.

Pesa zitatoka wapi? Michezo ilipata jibu. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoanzishwa 2018, hutegemea ushuru wa kamari. Kwa hivyo mkeka wako ukichanika Jumamosi, jipe moyo: huenda umemnunulia mtu raba za mbio. Utafiti nao ulishapewa asilimia zake kisheria. Kilichobaki ni kuzitoa.

Kwa sasa, usikae ukingoja. Kama unasoma uzamili au uzamifu, HELB ina mikopo na pia ufadhili wa masomo wa kushindaniwa kwa ajili yako, na wengi hawaombi kwa kudhani bodi hiyo ni ya 'fresha' peke yao. Fuatilia matangazo ya NRF. Ingia idarani uulize waziwazi nani ana mradi wenye pesa, kwa sababu nafasi nyingine hazitangazwi. Kama unakimbia au unacheza, fuatilia usajili wa vikosi, na uulize chuo unachotaka kujiunga nacho kama kinawapunguzia wachezaji karo. Na usiache kitabu: miguu huchoka mapema, na bado utakuwa na miaka thelathini ya kufanya kazi nyingine.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, na kwa Kipyegon tumeona kwamba ni kweli. Yule jamaa wa Wendani naye anacheza kwao. Siku mahindi ya nyanyako yatakapokauka shambani, yeye ndiye utakayemtafuta. Tusije tukampata alishahama, anatafiti mahindi ya watu wengine.