Mwalimu wa Masisi Anamgomea Nani?

Mwaka wa masomo ulifunguliwa Kongo tarehe 2 Septemba 2024, na katika majimbo kadhaa, yakiwemo Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, walimu wa shule za msingi za serikali wakabaki nyumbani. Madai yao yalikuwa ya zamani, tarakimu tu ndiyo mpya: dola 500 kwa mwezi, wasiolipwa waingizwe kwenye orodha ya malipo, wazee wapewe haki zao waende kupumzika. Goma na Bukavu mgomo ulionekana kwa macho. Barabara ambazo saa moja asubuhi hujaa sare za buluu na nyeupe zilipwaya. Wilayani Masisi, Kivu ya Kaskazini, ni vigumu kusema ulionekana. Rubaya ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Aprili, Kitchanga walikuwa wameiteka Januari 2023, na madarasa mengi yalikuwa yamegeuka malazi ya waliokimbia vita. Shule iliyokwisha kufungwa na bunduki, mwalimu ataifungaje mara ya pili?

Anayegoma sharti ajue anamgomea nani. Siku hizohizo nchini Kenya, chama cha KUPPET kilikuwa kimewatoa kazini walimu wa sekondari tangu tarehe 26 Agosti. Mwajiri wao ni mmoja, tume ya walimu, TSC. Ofisi yake iko Nairobi, unaweza kumpeleka mahakamani, naye anaweza kukupeleka. Mwanzoni mwa Septemba pande mbili zikatia saini makubaliano, walimu wakarudi darasani wakinung'unika kama kawaida. Mwalimu wa Masisi au wa Walikale jirani hana wa kumkalisha kitako hivyo. Serikali ndiyo inayomtambua, kanisa ndilo linalomsimamia, na kwa karibu miaka 30 mzazi ndiye aliyemlisha.

Mambo yalifikaje hapo? Mobutu alitaifisha shule za misheni mwaka 1974, zikamshinda, na tarehe 26 Februari 1977 serikali yake ikatia saini mkataba wa kuzikabidhi tena kwa makanisa: serikali ilipe, kanisa liendeshe. Ndiyo maana hadi leo shule nyingi za vijijini Kivu ni za Wakatoliki au za jumuiya za Kiprotestanti kama CBCA na CEPAC, ingawa zinahesabiwa kuwa za serikali. Kisha uchumi wa Zaire ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukutosha hata sabuni, migomo ikafuatana, na jawabu halikutoka Kinshasa. Maaskofu na vyama vya wazazi walikubaliana kwamba mzazi achangie nyongeza, wakaiita primu, ili watoto wasipoteze mwaka. Ilikusudiwa kuwa ya dharura. Ikadumu mpaka 2019. Tangu primu ianze, mwalimu akigoma, anayelia ni mama muuza maharagwe wa soko la Mweso, waziri hata hasikii.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alianza kutekeleza ahadi ya kifungu cha 43 cha katiba ya 2006, elimu ya msingi bila malipo. Ni jambo jema, na simo miongoni mwa wanaolibeza. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kila mwezi kwa kukosa ada walirudi darasani kwa wingi. Lakini primu ilifutwa kabla mshahara haujakaa sawa. Mwalimu wa Goma alipoteza sehemu kubwa ya kipato chake. Mwalimu wa kijijini mwenye namba ya matrikili, yaani ya usajili serikalini, hakutikisika sana, kwa kuwa wazazi wa kwao walikuwa wakichangia kidogo, pengine kwa mazao. Aliyeangamia ni yule asiye na matrikili, anayeitwa kwa herufi mbili tu: NU, kifupisho cha Kifaransa chenye maana ya kitengo kipya, hata kama amefundisha miaka 10. Shule yake inatambuliwa, jina lake limepelekwa, halijarudi. Kwake primu ndiyo ilikuwa mshahara mzima. Elimu ya bure ya mtoto ikawa kazi ya bure ya mwalimu.

Na orodha yenyewe ilikuwa imeoza. Mwaka 2020 wakaguzi wa fedha wa serikali, IGF, walipoipekua SECOPE, idara iliyokuwa ikiandaa malipo ya walimu, walikuta walimu hewa na shule hewa. Baadaye idara ikapewa jina jipya, DINACOPE. Mwalimu asiyekuwepo ana matrikili. Mwenye chaki mkononi hana. Mwaka 2021 vyama vya walimu na serikali vilikutana Bibwa, pembezoni mwa Kinshasa, vikaafikiana, na tangu hapo karibu kila mgomo una dai moja la kudumu: Bibwa itekelezwe.

Wizara imeziweka Masisi na Walikale katika jimbo moja la elimu, Kivu ya Kaskazini 3. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Ardhini, Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, inakaribia Rwanda nzima. Tangu 2011 serikali ilipoanza kulipa walimu kupitia benki, pasipo na benki kazi hiyo ilipewa shirika la Kikatoliki la Caritas, na kwa mwalimu wa porini kufuata mshahara ni safari ya matope, pikipiki na vizuizi vya wenye silaha, kila kizuizi na bei yake. Njiani anapita kando ya mali. Rubaya inatoa coltan inayokadiriwa kuwa asilimia 15 ya ile ya dunia, na mgodi wa Bisie, Walikale, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya bati duniani. Pale Kilambo ndege zimekuwa zikitua juu ya lami ya barabara kuchukua madini. Chaki haijapata heshima hiyo. Mwanafunzi aliyeacha darasa la sita akashika sururu anaweza kumkopesha mwalimu wake.

Suala la pensheni, lile dai la wazee, huonekana dogo mpaka ulitazame kwa karibu. Sheria ya watumishi wa serikali inaweka kustaafu miaka 65. Mwalimu mzee anajua kwamba siku akitoka kwenye orodha, mshahara utakoma mara moja na kiinua mgongo kitabaki hadithi. Kwa hiyo hatoki. Anafika na mkongojo wake, anasoma kwa miwani ya kuazima, na chumba cha pili kijana wa NU anamsubiri apishe ili nafasi ya malipo ipatikane. Mmoja hathubutu kuondoka, mwingine hajaandikwa, na wote wawili wanagoma siku moja kwa sababu zinazogongana.

Kisha ukaja 2025. M23 waliingia mji wa Masisi tarehe 4 Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na mji wa Walikale tarehe 19 Machi, wakautoka baada ya wiki mbili hivi. Benki za Goma zikafungwa. Sasa mwalimu wa Masisi anaamkia chini ya utawala mmoja huku jina lake, kama lipo, liko kwenye daftari la mwingine. Akigoma, walioshika Goma watasema anatumiwa na Kinshasa. Akifundisha, huenda Kinshasa wakauliza anamfanyia nani kazi.

Dai la dola 500 ndilo linalopendwa na maikrofoni, na ni la haki. Ila mimi ningeanza na la NU. Linaweza kuanza na dola zile zinazoliwa na walimu hewa. Linahitaji mkaguzi afike Pinga, afike Itebero, huko Walikale, ahesabu walio mbele ya ubao, kisha majina aliyoyaandika yafike Kinshasa bila kupungua wala kuongezeka njiani.