Unafika Wapi, na kwa Kasi Gani?

Chukua bika mbili. Ya kwanza itie asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Ya pili itie asidi ya asetiki, ambayo ndiyo inayoipa siki uchachu wake, kwa ukolezi uleule. Kwa macho zote ni maji matupu. Sasa tumbukiza katika kila bika kipande cha utepe wa magnesiamu, vipande vyenye uzito sawa. Bika ya kwanza itafoka mapovu papo hapo; katika ya pili mapovu yatapanda machache, kwa mwendo wa kusuasua. Mwishoni, ni bika ipi itakayokuwa imetoa gesi ya haidrojeni nyingi zaidi? Jibu linalotoka haraka mdomoni ni ya kwanza, na si sahihi. Maadamu asidi iliyomo inatosha kuimaliza magnesiamu, gesi itakayokusanywa ni sawa kwa zote mbili, ila moja itamaliza kazi mapema na nyingine itachelewa. Ukitaka kuhakikisha kwa njia nyingine, pima sentimeta za ujazo 25 za kila asidi, jaza bureti haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, kisha dondosha mpaka kiashiria kibadilike rangi. Kila asidi itakunywa sentimeta za ujazo 25 za alkali. Ile inayoitwa dhaifu haikupungukiwa hata tone.

Ndani ya bika hizo mna mada tatu ambazo vitabu vya kemia vya sekondari huzigawa katika sura mbalimbali: asidi na besi, msawazo wa kikemia, na kasi ya mimenyuko. Katika asidi ya haidrokloriki karibu kila molekuli imekwisha vunjika na kutoa ioni ya haidrojeni, na pH yake ni 1. Katika ile ya asetiki, kwa kila molekuli 1,000 ni kama 13 tu zilizovunjika kwa wakati wowote. Zilizosalia ni nzima, na pH ni takriban 2.9. Ioni ni chache, ndiyo maana mapovu ni machache: hilo ni suala la kasi. Lakini kila ioni inapotumika, molekuli nyingine huvunjika kuziba pengo, na kazi huendelea hivyo mpaka akiba iishe: hilo ni suala la msawazo. Na jumla ya asidi iliyomo, ile inayopimwa kwa bureti, haijali lolote kati ya hayo mawili. Ninachodai katika makala haya ni kwamba mada hizi zifundishwe pamoja, hasa ili mwanafunzi aweze kuzitenganisha. Kinachomkwaza mara nyingi si hesabu. Ni kutojua anaulizwa swali lipi kati ya matatu: kuna kiasi gani, mmenyuko unafika wapi, na unafika kwa kasi gani.

Mpangilio wa mitaala yetu haumsaidii sana. Kwa muda mrefu mtaala wa Tanzania umeiweka mada ya kasi na msawazo katika Kidato cha Tatu. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, mada hiyo ilikuwa ya Kidato cha Nne. Asidi kwa kawaida hutangulia, zikiandamana na karatasi ya litimasi na orodha ya sifa za kukariri. Yaani mwanafunzi huambiwa kuwa asidi fulani ni kali na nyingine dhaifu kabla hajapewa chombo cha kuelewa maana yake, kwa sababu udhaifu huo ni msawazo, na msawazo haujafika bado. Wanakemia wenyewe hawakupita njia hiyo. Mjerumani Ludwig Wilhelmy, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kupima kasi ya mmenyuko kwa makini, mwaka 1850 alichunguza jinsi sukari ya miwa inavyobadilika ndani ya asidi. Miaka ya 1880 Wilhelm Ostwald alizipanga asidi kwa nguvu zao akitumia kasi ambayo kila moja iliharakisha mimenyuko. Svante Arrhenius wa Uswidi aliandika tasnifu yake mwaka 1884 kuhusu vitu vinavyovunjika kuwa ioni katika maji. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Uppsala waliipa alama ya chini, ila mwaka 1903 kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Nobel. Ni yeye huyo aliyeeleza mwaka 1889 namna joto linavyoongeza kasi. Ostwald naye alipopewa Nobel mwaka 1909, sifa zilizotajwa zilikuwa vichocheo, msawazo na kasi, vyote kwa mpigo. Waliozizaa mada hizi walizilea nyumba moja.

Wazo la kwamba mmenyuko unaweza kurudi nyuma lilichelewa kukubalika. Mfaransa Claude Louis Berthollet alifuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, na huko akaona magadi yamegandamana kandokando ya maziwa ya chumvi. Kule Ufaransa alijua kuwa magadi yakichanganywa na kloridi ya kalsiamu hutoa chumvi ya kawaida na chokaa isiyoyeyuka. Misri ilimwonyesha kinyume chake: chumvi nyingi ajabu, mawe ya chokaa mengi, na muda wa kutosha, vikazaa magadi. Akahitimisha kuwa mwelekeo wa mmenyuko hautegemei tu ni vitu gani vimekutana. Wingi wao nao una neno. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1864 ndipo Wanorwe wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, wakaliweka wazo hilo katika sura ya hesabu.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Nyumba za zamani za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa. Tumbawe ni kabonati ya kalsiamu. Likipashwa moto wa nyuzi 900 hivi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kubakiza chokaa hai. Ukilichoma ndani ya chombo kilichofungwa, gesi itajazana na mmenyuko utasimama njiani kwa kuwa gesi inarudi kwenye chokaa kwa kasi ileile inayotoka. Tanuri liko wazi, gesi inaondoka na upepo, msawazo haupati nafasi ya kutulia, na jiwe lote linageuka. Kisha fundi huizima chokaa kwa maji, huipaka ukutani, nayo huanza kuinyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe. Katika joto la kawaida, huko ndiko mmenyuko unakoelekea bila shaka yoyote. Hata hivyo ukuta mnene huchukua miaka mingi kukamilika. Unafika wapi? Mbali sana. Kwa kasi gani? Ya kobe. Majibu hayo mawili yako katika ukuta mmoja, na hakuna hata moja linaloweza kukisiwa kutokana na jingine.

Viwandani kuchanganya maswali haya ni hasara ya fedha. Naitrojeni na haidrojeni zikiungana hupatikana amonia, ambayo ndiyo chanzo cha urea ya kukuzia na cha naitrojeni iliyomo katika DAP ya kupandia. Mmenyuko huo hutoa joto, kwa hiyo msawazo wake hupendelea ubaridi: chini ya mgandamizo mara 100 ya ule wa hewa, katika nyuzi 200 zaidi ya asilimia 80 ya mchanganyiko inaweza kuwa amonia, lakini katika nyuzi 450 ni kama asilimia 16 tu. Mwanafunzi anayejua swali la msawazo pekee angejenga kiwanda cha nyuzi 200, na angefilisika, kwa sababu katika joto hilo mmenyuko hutambaa. Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, Alwin Mittasch akajaribu maelfu ya sampuli za kichocheo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani kilichosimamiwa na Carl Bosch kikaanza kazi. Joto likabaki juu, kati ya nyuzi 400 na 500, ili kununua kasi. Mgandamizo ukapandishwa ili kufidia msawazo. Kichocheo cha chuma kikawekwa kuharakisha, na hapa pana mtego wa mitihani: kichocheo huharakisha kwenda na kurudi kwa kiwango kimoja, hakiongezi hata chembe ya amonia katika msawazo. Gesi isiyoungana hurudishwa tena ndani.

Mwalimu makini anaweza kunipinga hapa. Atasema kasi na msawazo haviachani, kwa kuwa namba thabiti ya msawazo, ile tunayoiandika K, inapatikana kwa kugawanya namba thabiti ya kasi ya kwenda kwa ile ya kasi ya kurudi, angalau kwa mmenyuko wa hatua moja. Ni kweli. Lakini kugawanya huficha ukubwa wa namba zilizogawanywa. Kumi kwa mbili ni tano. Milioni kumi kwa milioni mbili ni tano vilevile. Ndiyo sababu K haiwezi kukuambia lolote kuhusu saa. Almasi za Mwadui, katika mazingira yetu ya kawaida, zinapaswa kugeuka kuwa grafiti ya penseli, kwa maana msawazo uko huko. Hakuna mnunuzi anayelihofia hilo.

Pingamizi zito zaidi ni la mitihani na vifaa. Mtihani unadai hesabu, inasemwa, na shule nyingi hazina maabara ya maana, basi mwanafunzi akariri kanuni ya Le Chatelier ya mwaka 1884, isemayo kuwa msawazo ukisumbuliwa huhamia upande wa kupunguza usumbufu huo, na asonge mbele. Kanuni hiyo ni nzuri, nami sitaki iondolewe. Ubaya wake ni kwamba inajibu swali moja tu, tena kwa sauti ya kujiamini inayomfanya mwanafunzi adhani imejibu yote. Akisikia kuwa joto linarudisha nyuma utengenezaji wa amonia, huandika kwamba joto linaupunguza mwendo wake, kumbe joto huongeza kasi ya pande zote mbili. Kosa hilo haliponi kwa hesabu zaidi. Kuhusu vifaa, siki nyeupe ya dukani yenye asilimia 5 ya asidi ina takriban moli 0.8 kwa lita. Sehemu moja ya siki kwa sehemu saba za maji inakupa asidi ya asetiki ya bika yetu ya pili. Ganda la yai ndani ya siki hutoa mapovu. Lisage, mapovu huongezeka. Pasha siki moto, yanaongezeka tena. Shule yenye methili oranji kidogo na punje za asetati ya sodiamu ionyeshe na hili: kiashiria ni chekundu katika asidi ya asetiki, na punje zikiingia za kutosha kinageuka manjano, kwa sababu ioni za asetati zimeusukuma msawazo nyuma na kuzimeza ioni za haidrojeni. Asidi iliyomo haikupungua. Dakika tano za onyesho hilo zina thamani kuliko kurasa mbili za madaftari.

Limebaki swali la wale wasiokusudia kuwa wanakemia. Hawa ndio wanaohitaji utengano huu kuliko wote. Asidi ya haidrokloriki ni asidi kali, na kila mmoja wetu anayo tumboni, iliyozimuliwa. Asidi ya haidrofloriki inaitwa dhaifu kwa kuwa molekuli zake nyingi hazivunjiki katika maji, lakini ikigusa ngozi hupenya, huikamata kalsiamu ya mwili na inaweza kuua. Neno dhaifu kwenye chupa linaeleza msawazo, halitoi ahadi ya usalama. Vivyo hivyo nyumbani: katika blichi, ambayo wengi huiita jiki, klorini imetulia katika msawazo unaoegemea upande usio wa gesi, maadamu maji yake ni ya alkali. Ongeza dawa ya choo yenye asidi, na msawazo unahamia upande wa gesi ya klorini, kwa kasi isiyokuachia muda wa kufungua dirisha. Chupa hizo mbili zisimiminwe mahali pamoja, wala zisitumiwe moja baada ya nyingine kabla ya kusuuza kwa maji mengi.